Kanzu Haiingii Karakana: Kutoboa Tundu Kubwa la Duara Bila Kupoteza Mkono

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, katika karakana moja ya useremala hapa Kilwa Masoko. Madrasa ya mtaani ilikuwa imeagiza masanduku mawili ya spika kwa ajili ya mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, na mwenye kazi alitaka ayachukue kabla ya Magharibi. Kijana wetu, mtoto wa kaka yangu, alikuwa bado amevaa kanzu aliyoswalia. Matundu makubwa ya spika alikwisha yakata tangu asubuhi. Lilibaki tundu moja la kupitishia hewa, la sentimita 10 tu. Aliulaza ubao juu ya gogo, akaukanyaga kwa mguu mmoja, akamwita mdogo wake wa miaka tisa amshikie upande wa pili, kisha akawasha mashine.

Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Meno ya msumeno yalipokaribia kutokeza upande wa chini, yalikwama. Mashine, kwa kuwa haikuweza tena kuuzungusha msumeno, ilijizungusha yenyewe mikononi mwake, na mkono wa kanzu ukajisokota humo. Mpini ulipita shubiri moja tu kutoka kwenye paji la uso la yule mdogo. Alhamdulillahi, hakuna kidole kilichokatika. Lakini kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika, na kwa miezi mitatu kijana hakuweza kushika patasi, naye ndiye anayemlisha mama yake.

Ndugu msomaji, nimeyaandika haya kwa ruhusa yake. Aliniambia, "Ami, waandikie wenzangu. Mimi sikujua kwamba tundu lina elimu yake."

Kazi ya Manabii, pwani ya mbao

Useremala ni kazi tukufu. Nabii Nuh (A.S.) aliamrishwa kuunda jahazi, akaliunda kwa mbao huku watu wake wakimkejeli. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Na mimbari aliyohutubia juu yake Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ilichongwa na seremala, mtumishi wa mwanamke mmoja wa Kiansari mjini Madina.

Hapa kwetu kazi hii ina mizizi mirefu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliusifu mji huu kwa uzuri wa majengo yake, na akataja kwamba yalikuwa ya mbao. Sisi leo tunaziona kuta za mawe za Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, zilizomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, tukasahau kwamba nyuma ya mawe yale walikuwapo pia maseremala na waunda vyombo. Hadi sasa, kutoka Kilwa Kivinje hadi Lindi, sauti ya tezo ufukweni si jambo geni. Na barani, katika misitu ya vijiji vya wilaya hii, unapatikana mpingo ambao wanakijiji wa Kikole na Kisangi walianza kuuvuna kwa cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009.

Wazee wetu walitoboa kwa keekee, ile ya kuzungushwa kwa uta. Walipotaka tundu kubwa la duara hawakuwa na haraka. Walipigilia msumari katikati, wakafunga uzi, wakachora duara. Kisha walitoboa matundu madogo yaliyofuatana ndani ya mstari, wakayaunganisha kwa patasi, wakakitoa kipande cha kati, na mwisho wakasawazisha kwa tupa. Ilichukua nusu siku, lakini mkono ulikuwa salama. Siku hizi keekee ya umeme, ambayo mafundi huiita drili, huifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Kilichopungua ni muda wa kazi. Hatari imeongezeka, na wengi wetu tulinunua mashine bila kuinunua elimu yake.

Kwa nini tundu kubwa si sawa na dogo

Vijana wengi hudhani kwamba aliyeweza kutoboa tundu la sentimita 2 ataweza na la sentimita 10, kwa kuwa mashine ni ile ile. Tufanye hesabu. Mashine ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wa kekee ya sentimita 2 husafiri takribani mita 63 katika dakika hiyo. Ukingo wa msumeno wa duara wa sentimita 10, kwa mwendo ule ule, husafiri mita 314. Ni mara tano zaidi. Meno yanakuwa mbali na kati, na yakikwama nguvu ya kupindua mashine inakuwa kubwa kuliko kifundo cha mkono wa mwanadamu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kadiri tundu linavyokuwa kubwa, ndivyo mwendo unavyopaswa kuwa wa polepole. Kwa tundu la sentimita 10 na kuendelea, weka drili katika gia ya chini, mwendo usizidi mizunguko 500 kwa dakika. Mbao ngumu za kwetu kama mkongo zinahitaji upole zaidi. Ukiona moshi au ukinusa ubao kuungua, usikandamize. Simamisha, toa unga uliojaa kati ya meno, uache msumeno upoe.

Kila tundu na chombo chake

Kwa matundu yasiyozidi sentimita 15 hivi, chombo kifaacho ni msumeno wa mfano wa kikombe unaofungwa kwenye drili, wenye kekee ndogo katikati ya kuuongoza. Funga ubao kwa majiliwa mawili juu ya meza imara. Mguu si jiliwa, na mtoto si jiliwa. Funga mpini wa pembeni wa drili, shika kwa mikono miwili, na usifunge kile kitufe kinachoifanya mashine iendelee kuzunguka hata ukiachia kidole. Toboa mpaka ncha ya kekee ya kati itokeze upande wa pili. Hapo simamisha, geuza ubao, ingiza ncha katika kitundu kile, ukamalizie upande huo. Kwa njia hii ubao haupasuki kingo, na msumeno haupati nafasi ya kukwama pale pa mwisho. Kijana wetu angeugeuza ubao wake, pengine makala haya yasingeandikwa.

Kwa matundu makubwa zaidi, kama ya spika au ya beseni la kutawadhia linalozamishwa katika meza ya mbao, tumia msumeno wa kuchonga wenye upanga mwembamba unaopanda na kushuka, ambao mafundi huuita jigiso. Kwanza pima vizuri. Spika iitwayo ya inchi 12 haihitaji tundu la inchi 12, maana jina hilo hutaja upana wa nje na tundu lazima liwe dogo ili ukingo upate pa kukaa. Usikate kwa jina la kitu, kipime chenyewe. Beseni nalo ni hivyo hivyo.

Chora duara kwa bikari, au kwa msumari na uzi usiovutika. Toboa kitundu cha kuingilia ndani ya duara, katika kile kipande kitakachotupwa, kipana kiasi cha kupitisha upanga. Kata milimita 2 ndani ya mstari, kwa sababu upanga hupinda katika ubao mnene na upande wa chini hukosa kulingana na wa juu. Kilichobaki kimalize kwa tupa na msasa. Kabla ya kukata robo ya mwisho, pigilia kwa skrubu kipande chembamba cha ubao kinachovuka juu ya duara ili kati isianguke ghafla na kuuvunja upanga. Waya uwe nyuma yako, na mkono wa kushoto usiende chini ya ubao hata mara moja. Usiinue msumeno mpaka upanga uwe umesimama kabisa.

Anayetaka duara safi la kuonekana atumie ruta iliyofungwa kwenye utepe wa plaiwudi wenye msumari katikati ya duara. Kwa tundu la sentimita 28, umbali kutoka kwenye msumari hadi ukingo wa mbali wa kisu uwe sentimita 14. Usikate ubao wote kwa mpigo mmoja. Ubao wa milimita 18 ukatwe kwa mizunguko minne au zaidi, kila mara ukishuka kidogo. Unapokata tundu, zungusha ruta kufuata njia ya mshale wa saa ukitazama kutoka juu, kwani ukienda kinyume kisu kitakuvuta. Chini weka ubao wa kutupwa, na kile kipande cha kati ukifunge kwenye ubao huo kwa skrubu mbili zilizo mbali na njia ya kisu. Kipande hicho ndicho kilichobeba msumari. Kikilegea mwishoni, ruta nzima huruka.

Lipo jambo ambalo lazima nilikataze waziwazi. Baadhi ya mafundi huvua kinga ya grenda, mashine ya kukatia na kusugulia chuma, wakafunga juu yake kisahani cha msumeno wa mbao ili wakate duara haraka. Grenda ndogo huzunguka takribani mara 11,000 kwa dakika, na haikuundwa kwa meno ya mbao. Ikikwama haikupi nafasi ya kuachia. Humrukia mwenyewe usoni, kifuani au pajani. Asiye na jigiso wala ruta arudi kwenye njia ya wazee, atoboe matundu madogo mengi kuzunguka duara na kuyaunganisha kwa patasi. Si aibu kukawia.

Mavazi, saumu na wakati wa sala

Kanzu ni vazi letu la heshima, lakini si vazi la mashine. Chochote kinachoning'inia huweza kuvutwa: mikono mipana, kilemba, ncha ya ushungi, tasbihi iliyofungwa kwenye kifundo, hata ndevu ndefu anapoinama mtu kuutazama mstari. Vua kanzu, itundike, vaa shati la mikono mifupi au inayobana. Dada zetu wanaofanya kazi hii, nao wapo, wavae mtandio unaobana na kuuingiza ndani ya vazi la kazi. Pete zivuliwe. Na kinyume cha wanavyodhani wengi, usivae glavu unaposhika mashine inayozunguka, kwani glavu ikinaswa huvuta mkono mzima.

Mikono ikaushwe vizuri baada ya kutawadha kabla ya kushika plagi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo sote tunalijua, achia swichi na chomoa waya hapo hapo. Wapo walioacha mashine imewashwa juu ya meza, umeme uliporudi ikaanza kujiendesha peke yake. Vilevile chomoa waya kila unapobadilisha upanga au kisu, hata kama ni kwa nukta chache.

Katika Ramadhani, kazi nzito za mashine zifanywe asubuhi, mwili ukiwa bado na nguvu ya daku. Saa za Alasiri, kiu inapozidi na macho yanapolegea, fanya kazi ya msasa na kupaka rangi. Na ukisikia adhana ukiwa katikati ya duara, usikimbize mkono ili umalize. Zima, chomoa, nenda ukaswali. Duara litakungoja. Kijana wetu aliniambia kwamba siku ile hakuna kilichomsukuma ila saa.

Vumbi, adui asiyeonekana

Ajali ya mkono huonekana siku ile ile, lakini vumbi hufanya kazi yake kwa miaka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Vumbi la mvule huwasha ngozi na huweza kuamsha pumu. La mpingo nalo hujulikana kwa kuwasha ngozi. Fanyia kazi mahali penye upepo, vaa barakoa inayoziba vizuri pua na mdomo, miwani ya kukinga macho, na vizibo vya masikio. Maranda na unga visiachwe kuwa matandiko ya watoto kuchezea, na fundi asiende kumbeba mwanawe na nguo zile zile.

Mwanafunzi wa kazi ni amana

Hapa naomba nizungumze na wazazi. Tunapompeleka kijana kwa fundi, tunamkabidhi amana, na fundi anapompokea amebeba dhamana mbele ya Allah (S.W.) kabla ya mbele ya serikali. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kusiwe na kudhuriana, na Qur'ani imetukataza kujitumbukiza wenyewe katika maangamizi. Haitoshi kusema "ni qadari" baada ya kumwacha mtoto ashike ubao chini ya msumeno. Tawakkul huja baada ya kumfunga ngamia.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi za hatari, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kuwakinga wafanyakazi wake. Kwa hiyo mzazi, kabla ya kumwacha mwanao karakana, uliza maswali matatu. Mashine zina kinga zake, au zimevuliwa? Mbao hufungwa kwa majiliwa, au hukanyagwa kwa mguu? Na ni nani atakayesimama kando ya mwanangu siku atakapowasha mashine mara ya kwanza? Fundi mwema hatachukia kuulizwa. Anayechukia amekwisha kukujibu. Na mwenye uwezo ampeleke kijana wake kusoma kazi hii chuoni, kwani VETA ina chuo chake mjini Lindi.

Nasi wateja tuna sehemu yetu. Anayemwambia fundi "nataka leo kabla ya Magharibi", kisha akampunguzia ujira, asijione hahusiki na damu inayomwagika. Mchango mdogo wa waumini wa msikiti mmoja unaweza kununua majiliwa mawili na miwani kwa karakana ya mtaa, nayo ni sadaka inayoendelea.

Ikitokea ajali

Zima na chomoa mashine kwanza. Kwa jeraha linalotoka damu, bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi na uuinue mkono juu ya moyo. Usiachie kila mara ili kutazama. Usipake mafuta ya taa, unga wala majivu. Kibanzi kilichozama ndani sana usikichomoe, mwachie tabibu. Pete ivuliwe mapema kabla kidole hakijavimba. Kidole kikikatika, kikunje katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uuweke juu ya barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja. Barafu kwetu haikosekani penye soko la samaki. Kisha mkimbize mgonjwa hospitali pamoja na kile kidole.

Leo kijana wetu amerudi kazini. Kifundo hakikunji kama zamani, na katika baridi ya kusi humuuma. Pembeni mwa mlango wa karakana amepigilia msumari mkubwa, na kila anayetoka msikitini hutundika kanzu yake hapo kabla ya kuvuka kizingiti. Mdogo wake bado huja baada ya madrasa, lakini hukaa nje akisugua vipande kwa msasa. Yale masanduku ya spika yalikabidhiwa wiki mbili baadaye, yamemaliziwa na mwingine, na mashindano yalikwisha fanyika bila ya hayo. Hakuna aliyelalamika.

Imepokewa kwamba Allah (S.W.) humpenda mja anapofanya kazi akaikamilisha kwa ustadi. Ustadi huanzia kwenye mkono uliobaki mzima ili kesho ufanye kazi nyingine. Twamuomba Allah awalinde mafundi wetu, awape riziki ya halali, na awajaalie waliojeruhiwa shifaa ya haraka. Amin.